Bastola ya kujikinga na dubu: ichague kwa risasi ya pili

Ukiingia duka la silaha Anchorage (Alaska) au Bozeman (Montana) ukasema unataka bastola ya kubeba porini kwa ajili ya dubu, mara nyingi kitakachowekwa mezani kwanza ni rivolva nzito, yaani bastola ya silinda inayozunguka, risasi zake nene kama kidole cha mwisho. Inashawishi. Lakini kabla hujatoa pochi, jiulize jambo moja: nikishapiga risasi ya kwanza, ya pili itatoka baada ya muda gani, na itapiga wapi?

Dubu wa kahawia akiamua kuja, hukimbia karibu kilomita 56 kwa saa, yaani mita 15 kila sekunde. Akikurupuka kutoka kwenye kichaka kilicho mita 30 mbele yako, una sekunde mbili. Katika muda huo mkono ushuke kifuani, bastola itoke, macho yaione shabaha, kidole kivute. Risasi ya kwanza katika hali hiyo hupigwa kwa haraka na mikono inayotetemeka, na si ajabu ikakosa au ikapita pembeni. Ndiyo maana nasisitiza ya pili.

Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero pamoja na wenzao walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa matukio 269 ya Alaska ambako watu walikuwa na silaha za moto mbele ya dubu, kuanzia 1883 hadi 2009. Bastola zilifanikiwa kwa asilimia 84. Wanaouza bastola hupenda kuitaja namba hiyo. Mimi nayaangalia zaidi matokeo mengine ya uchunguzi huohuo: katika makabiliano ya karibu, waliotumia silaha zao na waliokuwa nazo bila kuzitumia waliumizwa kwa kiwango kilekile. Silaha kuwa mwilini haikuokoi. Inabidi ifike mkononi kwa wakati na ipige inapotakiwa.

Kwa hiyo tuanze na risasi, kisha ndipo turudi kwenye bastola.

Dubu anayekuja amekuelekezea uso, mabega na kifua. Kabla risasi haijafika moyoni au kwenye uti wa mgongo, inapaswa kupita manyoya, mafuta, msuli mnene na pengine mfupa wa bega. Risasi za kujilinda na binadamu, zile zenye ncha ya shimo, hutengenezwa ili zifunguke kama ua zikigusa mwili na kusimama mapema. Kwa dubu mkubwa hilo ni kosa, kwa sababu zinaweza kuishia kwenye msuli. Unachotaka ni kichwa cha risasi kigumu kisichofunguka: madini ya risasi yaliyochanganywa na kugandishwa yakawa magumu, ncha yake ikiwa bapa na pana. Ncha bapa huenda moja kwa moja bila kupinda njiani, na hukata njia pana kuliko ncha ya mviringo. Vichwa vya shaba tupu visivyofunguka navyo hufanya kazi hiyo.

Ubaya wake ni kwamba risasi ya namna hii huweza kupita mwili mzima na kutokea upande wa pili. Mkiwa kikundi, na dubu ameingia katikati yenu, kilicho nyuma yake ni mwenzako. Zungumzeni jambo hilo kabla ya safari: dubu akitokea, kila mtu asogee upande wa mwenye bastola.

Sasa vipimo, yaani unene wa risasi. Milimita 10, iliyotokea mwaka 1983, imekuwa chaguo la wengi kwa sababu inakaa kwenye bastola ya magazini. Risasi nzito za aina hiyo hubeba kichwa cha gramu 14 hivi (greni 220) kwa kasi ya karibu mita 365 kwa sekunde. Glock 20 ina magazini ya risasi 15, na ikijaa ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. .44 Magnum ni ya miaka ya 1950, na kwenye rivolva ya mtutu wa inchi 4 inarusha kichwa cha gramu 15 hadi 20. Inapenya kwa nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Ila una risasi sita tu, na teke lake linainua mtutu hadi paji la uso. Mtu aliyefanya mazoezi ya kutosha hurudi kwenye shabaha kwa sekunde moja hivi. Asiyefanya mazoezi hufumba macho kabla ya kuvuta triga, na risasi inaingia ardhini mbele ya miguu yake.

.454 Casull na .500 S&W nazitaja kwa kupita tu. Ni silaha za mwindaji aliyetulia, mwenye muda wa kuegemeza mikono. Watu wachache sana wanaweza kupiga nazo mara mbili kwa haraka na kupata. .357 Magnum yenye kichwa kigumu cha greni 180 inatosha kwa dubu weusi, na ni rafiki kwa mwenye mikono midogo. Kuhusu milimita 9: mwaka 2016 kiongozi wa uwindaji huko Alaska alimuua dubu wa kahawia kwa bastola ya milimita 9 iliyojaa risasi ngumu za greni 147. Mtu huyo alikuwa na uzoefu wa miongo na alipiga mara kadhaa mahali panapostahili. Funzo lake limo katika aina ya risasi na utulivu wa mkono. Usilichukue kuwa ruhusa ya kwenda kisiwa cha Kodiak, Alaska, na bastola ndogo, kwa sababu huko dume la dubu linaweza kuzidi kilo 500.

Kuna mtihani wa kukusaidia kuchagua, nao hauhitaji chochote zaidi ya sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 20 na mtu wa kukupimia muda. Iweke sahani mita 7. Bastola iwe kwenye holsta (mfuko wa bastola) ya kifuani, imefungwa kama utakavyoivaa porini, na imejaa risasi zilezile kali utakazobeba, usitumie zile laini za mazoezi. Ukiambiwa "haya", toa upige mara mbili. Risasi zote mbili ziwe ndani ya sahani ndani ya sekunde tatu. Rudia mara kumi. Ukipata mara nane au zaidi, bastola hiyo ni yako. Ukishindwa, shuka kipimo kimoja ujaribu tena, bila aibu. Ukiweza kuazima au kukodi bastola uwanjani kabla ya kununua, fanya hivyo. Vaa vikinga masikio viwili, vya kuziba ndani na vya juu, maana mtutu mfupi wa Magnum unaumiza masikio vibaya.

Sasa yanayoharibika.

Rivolva nyepesi sana, zile za fremu ya skandiamu zenye gramu 700 hivi, ni raha kubeba siku nzima na ni mateso kupiga. Tena zina tatizo watu wasilolitarajia. Teke linairudisha bastola nyuma kwa ghafla kiasi kwamba risasi zilizobaki kwenye silinda hujivuta: ganda linarudi pamoja na bastola, kichwa kinabaki pale kilipokuwa, hivyo kinatoka kwenye ganda lake na kusogea mbele. Kikichomoza nje ya silinda, silinda inagoma kuzunguka na bastola imekufa mkononi. Jipimie hivi: jaza sita, weka alama ya kalamu kwenye risasi moja na upime urefu wake kwa kalipa (kipimio chenye taya mbili), piga tano nyingine, kisha itoe ile yenye alama uipime tena. Ikiwa imerefuka kwa namna inayoonekana, badilisha aina ya risasi, tafuta yenye ganda lililobanwa kwa nguvu zaidi shingoni.

Bastola ya magazini ina yake. Risasi kali zenye kichwa kirefu kibapa wakati mwingine hukwama zikipanda kuingia mtutuni. Usiamini kisanduku kinachosema inafaa. Piga angalau 50 za aina utakayobeba, kwa magazini zote ulizonazo, na nyingine kwa mkono mmoja na mshiko mlegevu, kwa sababu ndivyo utakavyoishika ukiwa umeanguka. Ikikwama hata mara moja, tafuta sababu kabla ya kutoka mjini. Spring nzito kidogo mara nyingi husaidia. Halafu kuna suala la mtutu: mifereji ya ndani ya Glock ni ya mviringo, na kiwanda chenyewe kinaonya kutotumia risasi zisizo na koti la shaba, kwa kuwa madini laini hujikusanya ndani na kupandisha shinikizo. Wengine hununua mtutu wa kampuni nyingine wenye mifereji ya kawaida, wengine hubeba vichwa vilivyopakwa utando au vya shaba tupu. Vyovyote utakavyochagua, safisha mtutu baada ya kila zoezi.

Jambo lingine: ukimkandamiza dubu aliye juu yako kwa mdomo wa bastola ya magazini, slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapopiga, inaweza kusukumwa nyuma kidogo, na bastola isifyatuke. Iondoe sentimita moja kisha vuta. Rivolva haina tatizo hilo, na kwa anayeihofia hali hiyo, hiyo ni sababu halali ya kuichagua.

Holsta nusu ya watu huinunua mwishoni kwa hela iliyobaki, na nadhani hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Mkanda wa kiunoni wa begi la mgongoni hukalia mahali pale pale holsta ya kiunoni inapotakiwa kukaa. Bastola inaishia ndani ya begi, na bastola iliyo ndani ya begi ni uzito tu. Vaa holsta ya kifuani, mkanda mmoja juu ya bega na mwingine kuzunguka mwili, bastola imelala kwa pembeni mbele ya mbavu. Inakaa hapo ukiwa na begi, ukiwa umevaa suruali ya mpira ya kuvulia samaki, hata ukiwa umechuchumaa unawasha jiko. Ya ngozi ni tulivu na haikwaruzi, lakini ikiloa mvua ya kusini-mashariki mwa Alaska kwa siku tatu inavimba na kushika bastola. Ya plastiki ngumu haijali mvua. Koti la mvua ndilo adui: ukifunga zipu juu ya holsta, zile sekunde mbili zimekwisha. Fanya mazoezi ukiwa na koti, na bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, toa na urudishe mara hamsini kila jioni kwa wiki mbili kabla ya safari.

Shabaha ni ipi? Usilenge juu ya macho. Paji la uso la dubu limeinama kwenda nyuma na limefunikwa msuli. Ubongo uko chini zaidi ya unavyodhani. Anapokuja amekishusha kichwa, lenga puani na chini yake, ili risasi ielekee shingoni na kifuani. Akikugeuzia ubavu, lenga bega. Endelea kupiga hadi aache kuja.

Na mkono mwingine ubebe kopo la pilipili ya dubu, ile ya kunyunyiza. Watafiti haohao mwaka 2008 walikuta kwamba Alaska pilipili ilibadilisha tabia ya dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio, na asilimia 98 ya waliokuwa nayo katika matukio ya karibu hawakuumizwa. Usizilinganishe namba hizi moja kwa moja na zile za bastola, maana matukio hayakukusanywa kwa namna moja. Ila wingu la pilipili husamehe mkono unaotetemeka, na dubu wengi wanaokimbilia watu wanatisha tu, wanageuka dakika ya mwisho. Dubu wa namna hiyo hastahili kufa. Upepo mkali wa usoni na baridi kali hulidhoofisha kopo; hapo ndipo bastola inapopata nafasi yake. Kopo haliruhusiwi kwenye ndege ya abiria, hata kwenye mzigo wa chini, hivyo linunue ukifika.

Sheria, hasa kwa sisi tuliohamia. Marekani, mwenye green card anaweza kununua bastola, na dukani umri ni miaka 21. Aliye na viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Usiazimwe uwanjani kwa kudhani haina neno. Kosa hilo linaweza kukugharimu ukaazi wako. Kwenye mbuga za taifa, tangu Februari 2010 kubeba kunafuata sheria ya jimbo, ila kufyatua kwa ujumla bado ni marufuku, hivyo ukimpiga dubu Yellowstone utaeleza kwa nini. Kanada ni habari nyingine kabisa: tangu Oktoba 2022 ununuzi na uuzaji wa bastola kwa watu binafsi umefungwa, na huwezi kuivusha mpakani ukiendesha gari kwenda Alaska. Huko beba pilipili.

Ukimuua dubu Alaska kwa kujitetea, nyama si yako wala ngozi. Unatakiwa kuchuna ngozi na kucha zake zikiwa zimeshikilia, pamoja na fuvu, ukabidhi idara ya wanyamapori na kujaza fomu ndani ya siku 15. Kabla hujatoa kisu, hakikisha amekufa ukimkaribia kwa nyuma, jaza tena bastola, na mwenzako asimame akiangalia vichaka. Kama ni jike, watoto wake wanaweza kuwa karibu, na harufu ya damu huwaita wengine.