Rede ya saa kumi na moja

Jioni hii nimesimama mlangoni, hapa Nkuhungu, Dodoma, namtazama mwanangu akicheza rede. Upepo wa Juni unarusha vumbi hadi kwenye sufuria zangu, lakini yeye na wenzake hawana habari nalo. Yuko kati, anakwepa mpira wa soksi huku akijaza chupa mchanga.

Ana miaka 10. Alipokutwa na kisukari aina ya kwanza alikuwa na 8, na tangu hapo nilimfungia ndani. Hata shuleni niliomba awe anakaa chini ya mwarobaini wenzake wakicheza. Kila nikimwona anakimbia nilikuwa naikumbuka siku ile sukari iliposhuka hadi 2.9: jasho la baridi, macho yananitazama na hayanioni.

Mwezi uliopita muuguzi wa kliniki aliniuliza mtoto anacheza mchezo gani. Nikasema hachezi. Hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na insulini anayochomwa hufanya kazi vizuri zaidi kwa mtoto anayechangamsha mwili. Ile saa moja ya kuchangamsha mwili kila siku wanayoshauriwa watoto wengine, hata wangu inamhusu. "Ila mama, siku ya kukimbia usimchome pajani. Mchome tumboni. Paja likiwa kazini linanyonya insulini haraka."

Nililia kwenye daladala. Miaka miwili yote, jamani!

Sasa saa kumi na nusu tunapima. Ikiwa chini ya 5, anakula kwanza zabibu kavu, anasubiri, tunapima tena. Ikizidi 14 tunaangalia kwenye mkojo kama kuna ketoni, ile asidi inayotokea mwili ukikosa insulini na kuanza kuchoma mafuta. Zikionekana, hakuna rede siku hiyo, hata alie. Glukosi anayo mfukoni, na shoga yake nimemfundisha: ukimwona anatetemeka au ananuna bila sababu, mpe, kisha uniite mbio.

Usiku ndio mgumu. Sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya mchezo, kwa hiyo naamka saa nane kumpima, na stripu, vile vijikaratasi vya kupimia, si za bei ya kuchezea. Juzi ilikuwa 4.1. Nikamwinua, nikamnywesha maziwa kikombe kizima. Akanywa macho yamefumba, akaegemea bega langu, akanong'ona:

"Mama, leo nimejaza chupa mara tatu. Hawakunipiga hata moja."