Jumapili Tulipoutazama Mto Mara Sebuleni

Nyumbani kwetu Nyegezi, Mwanza, tuko sita na televisheni ni moja. Mume wangu anataka mpira, binti yangu mkubwa anataka tamthilia, wawili wadogo wanataka katuni. Mama yangu, aliyehamia kwetu kutoka Kirumi, mkoani Mara, baada ya baba kufariki, alikuwa hatazami chochote. Akishamaliza kula anakunja kanga yake, anasema "haya, laleni salama", anaingia chumbani. Saa mbili usiku! Nilikuwa namsikia akigeuka kitandani hadi usiku wa manane, na roho ilikuwa inaniuma.

Nilipoona kwenye king'amuzi kwamba chaneli moja imeanza kurudia Planet Earth, nilijua ndicho nilichokuwa nakitafuta. Ni mfululizo wa BBC wa mwaka 2006, una sehemu 11, na msimulizi ni David Attenborough. Wanyama hawana chama wala timu, kwa hiyo niliamini tutakaa wote pamoja. Tatizo lilikuwa lugha. Mama hajui Kiingereza, na wadogo bado wanaokoteza neno mojamoja.

Jumapili ya kwanza niliharibu. Nilitafsiri kila sentensi papo hapo, sauti yangu juu ya sauti ya yule mzee, wala hakuna aliyemsikia yeyote kati yetu. Wadogo wakalalamika. Dubu mweupe alikuwa ndiyo kwanza anatoa kichwa kwenye shimo lake la theluji, na Mama akauliza, "Hicho cheupe chote ni chumvi?" Sikumjibu kwa sababu nilikuwa nakimbizana na sentensi iliyofuata. Baada ya dakika chache akainuka, akaenda kulala.

Lile swali lilinikaa moyoni wiki nzima. Yeye hakuhitaji maneno ya msimulizi. Alitaka kujua anachokiona ni nini.

Bahati nzuri chaneli ile inaonesha kipindi Jumamosi usiku na kukirudia Jumapili usiku. Basi Jumamosi nikaanza kukesha peke yangu na daftari. Sikuandika tafsiri. Niliandika vitu vitakavyoulizwa na kitu cha huku kwetu cha kuvilinganisha navyo. Theluji: ile barafu iliyosagwa wanayomwagia sangara kwenye makasha pale mwaloni Kirumba, ila hii inaanguka kutoka angani na kufunika milima. Chui wa theluji wa Pakistani: chui yuleyule, manyoya mazito, mkia mrefu anaoutumia kujiweka sawa kwenye majabali. Hilo watoto walilielewa mara moja, maana kwetu Mwanza mawe ndiyo uwanja wa kuchezea.

Jambo lingine nililogundua kwa kutazama mara mbili ni kwamba Attenborough hasemi sana. Anasema kidogo, halafu ananyamaza na kuacha picha. Nafasi ile ndiyo yangu. Nikawa nangoja amalize, natia maneno yangu machache, nanyamaza pia. Muziki unasikika, maji yanasikika, hakuna anayenung'unika.

Sehemu ya tatu ni ya maji baridi, mito na maziwa. Nilijiandaa kuliko siku zote. Maporomoko ya Angel kule Venezuela yana urefu wa mita 979, na namba kama hiyo haimwambii mtoto kitu. Nikawaambia: mnakumbuka tulivyovuka Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema? Lile lina kilometa 3. Kata theluthi yake, isimamishe wima, halafu mwaga maji kutoka juu. Kitinda mimba wangu akainua shingo akitazama dari la sebule kana kwamba maji yanakuja.

Wakatokea furu, wale samaki wadogo wenye rangi kama vitenge. Binti yangu akauliza mbona ziwani kwetu hatuwaoni wa namna hiyo. Nilikuwa na jibu kwenye daftari, lakini Mama akaniwahi. Akasema utotoni mwake watu walikuwa wakila furu hadi wanachoka, wanawakausha juani. Halafu sangara akaingia, na furu wakapungua mwaka hadi mwaka. Mimi nikaongeza kwamba sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na hadi miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Akaendelea: baba yake alipokuwa akinasua furu jike wavuni, mara nyingine vitoto vilimwagika kutoka mdomoni mwake, vidogo kama punje za ulezi. "Mama yao huvificha humo," akasema, akikunja kiganja chake taratibu mbele ya mdomo ili wajukuu waone. Wadogo waliacha kutazama televisheni, wakawa wanakitazama kile kiganja.

Kisha nyumbu wakafika mtoni. Nikasema, "Mama, huu ndio Mto Mara." Akasogeza kiti. Ni mto uleule unaoanzia milima ya Mau kule Kenya, ukapita Serengeti, ukaingia kwenye mafunjo ya kwao Kirumi, ukamalizikia Ziwa Victoria. Sijui kwa nini sikuwa nimewahi kumwambia kwamba mto wake unaoneshwa dunia nzima. Mamba alikuwa ametoa macho tu juu ya maji, nyumbu wa mbele ameshatumbukiza kwato, na umeme ukakatika.

Watoto walipiga kelele kama wamepigwa. Mume wangu akawasha tochi ya simu. Nikataka kuwaeleza kilichofuata, maana nilishakiona usiku uliotangulia, lakini gizani nikasikia sauti ya Mama: "Mamba hakurupuki. Huyo ataacha wa kwanza apite." Akasimulia jinsi walivyokuwa wakichota maji kwa kibuyu kilichofungwa kwenye ufito mrefu ili mtu asiukaribie ukingo, na jinsi ndege wakinyamaza ghafla kwenye mafunjo kila mtu alivyorudi nyuma. Alisimulia kwa zaidi ya saa nzima. Sikuwahi kuyasikia hayo, mimi niliyemzaa binti anayekaribia kumaliza sekondari.

Umeme uliporudi kipindi kilikuwa kimeisha. Mama akauliza, "Wiki ijayo ni nini?" Nikamwambia mapango.

Jumamosi, saa nne usiku, nilikuwa nimekaa na daftari langu sauti ikiwa chini. Mlango wa chumba ukafunguka. Akaja na kanga yake mabegani, akakaa kando yangu. Kwenye kioo mende wasiohesabika walikuwa wakitambaa juu ya lundo la kinyesi cha popo. Akatazama kwa muda, kisha akagonga daftari kwa kidole.

"Hao usiandike. Nitawaeleza mwenyewe kesho."