Nilivyokusanya seti ya picha za Paolo Giovio na kuitundika maktaba ya shule

Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa miaka kadhaa sasa nakusanya picha za watu wa kale zilizochorwa na mafundi wa Ulaya wa karne ya 16. Nimejiwekea sharti moja: sikusanyi nyuso, nakusanya seti. Ukitafuta sura ya Salahuddin leo, ya Columbus kesho, ya Sultan Suleiman wiki ijayo, kila moja kutoka kwake, utajaza kompyuta picha nzuri zisizojuana. Seti ina mwenyewe. Kuna mtu aliyeamua nani aingie, nani akae jirani na nani, na maneno gani yaandikwe chini. Ukiifuata seti unamsoma na huyo mtu pia.

Niliyemchagua ni Paolo Giovio wa Como, kaskazini mwa Italia. Alikuwa daktari, mwanahistoria, na tangu 1528 askofu wa Nocera. Kati ya 1537 na 1543 alijenga nyumba kando ya Ziwa Como, akaijaza picha za watu mashuhuri: wanazuoni na washairi, wasanii, mapapa, wafalme na majemadari. Aliiita museo, na ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa kuitwa hivyo kwa maana tunayoielewa sasa. Chini ya kila picha aliweka kipande cha ngozi kilichoandikwa maelezo mafupi ya maisha ya mhusika. Picha alizipata kwa kuomba. Aliandikia wakuu barua bila kuchoka, akitaka sura ya kweli, iliyotokana na mchoro, sarafu au sanamu ya mtu mwenyewe. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha 1543, wakati jeshi la majini la Kiosmani chini ya Hayreddin Barbarossa lilipokuwa pwani ya Ufaransa. Barbarossa alimpa Virginio Orsini, bwana mmoja wa Kiitaliano, kisanduku cha mpingo na pembe za ndovu chenye picha ndogo za masultani, na picha hizo zikamfikia Giovio. Kwa hiyo sura za masultani wa Istanbul zilizoingia Como zilitoka mikononi mwa Waosmani wenyewe.

Giovio alifariki Florence Desemba 1552, na nyumba ile ilikuja kubomolewa karne iliyofuata. Seti haikupotea, kwa sababu ilinakiliwa. Mwaka huohuo wa 1552 Cosimo wa Kwanza de' Medici, mtawala wa Florence, alimtuma mchoraji Cristofano dell'Altissimo kwenda Como kunakili picha hizo, na hadi 1589 alikuwa amefikisha zaidi ya 280. Leo ziko Uffizi, makumbusho ya Florence, zimepangwa juu kabisa ya kuta za korido, mahali ambapo wageni wengi hupita bila kuinua macho. Nakala ya pili ni ya mchoraji Tobias Stimmer, ambaye mchapishaji Pietro Perna wa Basel, Uswisi, alimtuma Como achore sura hizo ili zichongwe kwenye mbao na kupigwa chapa kwa wino. Zilitoka katika kitabu cha Giovio cha wapiganaji mwaka 1575 na cha wanazuoni mwaka 1577. Ya tatu ni ya Ferdinand wa Pili, mtawala wa Tyrol katika Austria, aliyekusanya picha ndogondogo takriban 1,000 katika ngome ya Ambras, nyingi zikiwa zimetokana na seti hiyohiyo. Sasa ziko Vienna.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu kazi yangu yote ilisimama juu ya mnyororo huo. Kabla sijapakua picha hata moja nilinunua daftari kubwa la mistari. Kila mtu nilimpa ukurasa wake, na kila ukurasa niliugawa: Como, Florence, Basel, Ambras. Nikipata picha naandika imetoka tawi gani, nani aliinakili, iko wapi leo, na faili yake ina ukubwa gani. Daftari hili limeniokoa mara nyingi, maana mtandaoni picha ya mbao ya Stimmer huweza kuitwa "picha ya Salahuddin" pasipo neno lolote zaidi, kana kwamba Salahuddin, aliyefariki 1193, aliwahi kukaa mbele ya mchoraji wa Ulaya.

Kujua nani yumo kwenye seti kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Giorgio Vasari, mchoraji na mwandishi wa Italia wa zama hizo, ambaye mwenyewe anasema wazo la kuandika maisha ya wasanii lilianzia kwenye mazungumzo na Giovio mezani kwa Kardinali Farnese huko Roma, aliweka katika toleo lake la 1568 orodha ya picha zilizokuwa tayari kwa Cosimo. Orodha ya pili ni yaliyomo katika kitabu cha Basel. Nilizilinganisha mstari kwa mstari.

Ugumu ulikuwa majina. Maandishi yameyageuza majina ya Kiarabu, Kituruki na Kihabeshi kuwa Kilatini au Kiitaliano. Hapa nilimwendea padre mmoja mzee wa parokia ya jirani, aliyesoma Kilatini seminari.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, Mwalimu. Umeniletea nani leo?"

Nikamwonyesha simu. Tulikaa barazani, yeye akisoma Kilatini, mimi nikitafuta tarehe. "Campson Gaurus" tukamtambua kwa namna alivyokufa: ni Qansuh al-Ghawri, sultani wa Misri aliyeanguka Marj Dabiq 1516 akipigana na Waosmani. Anayemfuatia ni Tuman Bay, aliyenyongwa kwenye lango la Bab Zuwayla, Kairo, 1517. "Hariadenus" ni Hayreddin Barbarossa. Na "Atana de Dinghel" wa Florence ni Lebna Dengel, mfalme wa Uhabeshi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: acha jina, tafuta kifo. Tarehe na mahali pa kifo havigeuki kama jina linavyogeuka likipita lugha tatu.

Suala la haki za picha linahitaji subira. Kazi zenyewe zina zaidi ya miaka 400, lakini kila taasisi ina masharti yake juu ya picha inazozitoa. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliruhusu mwaka 2017 picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zitumike bure kwa jambo lolote. Italia ni tofauti: sheria yake ya mali za utamaduni inataka kibali na malipo kwa matumizi ya kibiashara ya picha za kazi zilizo katika makumbusho ya serikali, hata kama mchoraji amekufa karne nyingi zilizopita. Mimi siuzi chochote, natundika shuleni, lakini nilitaka seti ambayo mwalimu mwingine angeweza kuinakili bila hofu, hata kama kesho mtu wa steshenari ataamua kuichapa kwa faida. Ndiyo maana kwa ukuta nilichagua tawi la Basel, yaani picha za mbao za Stimmer kutoka skani za kitabu cha 1575 zilizowekwa wazi na maktaba za Ulaya. Za rangi za Altissimo nimeziweka kwenye kompyuta kwa kulinganisha.

Uamuzi huo ulinifaa kwa sababu nyingine pia. Picha ya mbao ni mistari ya wino mweusi juu ya karatasi, na printa ya leza ya mtaani inaitoa vizuri mno, kuliko inavyoweza kutoa ngozi ya uso iliyochorwa kwa mafuta. Muhimu ni ukubwa wa faili. Kwa A4 nataka angalau pikseli 2480 kwa 3508, ambazo ni nukta 300 kwa inchi. Kijana wa steshenari nilikochapisha alinifundisha kuvuta picha kwenye skrini hadi nione mstari mmoja wa nywele za ndevu. Mstari ukibaki mstari, karatasi itatoka safi. Ukigeuka ukungu, arudi mtu akatafute skani nyingine. Pakua ukurasa mmoja mmoja kwa ubora wa juu kabisa badala ya kitabu kizima katika faili moja, maana kitabu kizima hubanwa ili kiwe chepesi na bando linaliwa bure. Usikate pambo linalozunguka picha. Fremu zile zenye sanamu na matunda ni sehemu ya kazi ya Basel, na zikiondolewa seti inapoteza sare yake.

Karatasi nilitumia ya gramu 160, isiyong'aa. Laminesheni niliikataa, kwa sababu taa na dirisha humulika juu yake na mtoto aliyesimama pembeni haoni kitu. Lakini sisi tuko pwani, unyevu ni adui, kwa hiyo fundi seremala alinitengenezea fremu nyembamba za mbao zenye kioo, na nyuma yake akaacha nafasi kidogo ya hewa kati ya fremu na ukuta kwa vipande vya mpira. Mpaka sasa hakuna iliyoota ukungu.

Kisha nikafika kwenye sehemu iliyonipa furaha kubwa kuliko zote: kuandika maelezo ya chini, kama Giovio alivyofanya. Niliyaandika kwa Kiswahili, yasizidi nusu ukurasa. Sikutafsiri ya Giovio. Yeye alikuwa mtu wa mapapa na wafalme wa Ulaya, na alimtazama kila mtu kutoka kule. Mimi natazama kutoka pwani hii.

Mfano ni Tristão da Cunha. Katika kitabu cha Basel yumo kama shujaa wa Ureno, na Ulaya inamkumbuka kwa msafara wa 1514, alipomfikishia Papa Leo wa 10 zawadi za Mfalme Manuel, akiwemo tembo Hanno aliyeishangaza Roma nzima. Mimi nimeandika kwanza yaliyotokea miaka saba kabla: 1507, meli zake zilipoushambulia mji wa Barawa, zikaupora na kuuchoma. Barawa ni mji ambao wenyeji wake wanasema Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu. Tembo nimemtaja mwishoni. Nilisita kuhusu mpangilio huo, nikauliza walimu wenzangu, na bado naamini ndio sahihi: mtoto wa pwani anayetazama uso ule ana haki ya kujua kwanza uliwafanya nini watu wa pwani.

Pembeni yake nimemweka Lebna Dengel. Giovio alikuwa na uhusiano naye wa pekee. Ujumbe wa Wareno ulikaa Uhabeshi kuanzia 1520 hadi 1526, na padre wao Francisco Álvares aliwasilisha barua za mfalme kwa Papa Klementi wa 7 mjini Bologna 1533. Aliyezitia katika Kilatini ni Giovio mwenyewe. Mwenye barua wakati huo alikuwa amekwishapoteza vita vya Shimbra Kure, 1529, mbele ya Imamu Ahmad ibn Ibrahim, na alikufa 1540 akiwa mkimbizi ndani ya nchi yake. Baada yake nimeweka Qansuh al-Ghawri, ambaye meli alizozituma Bahari ya Hindi zilishindwa na Mreno Francisco de Almeida huko Diu, India, mwaka 1509. Almeida ndiye huyohuyo aliyezipora Kilwa na Mombasa 1505. Hapo ndipo nilipoona thamani ya seti. Mhabeshi, Mreno na Mmisri, waliokusanywa ukutani Como na askofu ambaye hakuwahi kufika huku, wote wanagusa bahari moja na kizazi kimoja cha watu.

Wanafunzi waliuliza swali ambalo nililitarajia: "Mwalimu, kweli walikuwa hivi?" Nimelijibu kwa alama ndogo kwenye kona ya kila fremu. Kijani ni sura iliyotokana na picha ya enzi ya mhusika, kama masultani wa karibu na Suleiman. Njano ni ile yenye mashaka. Nyekundu ni ya kubuni, na Salahuddin yuko huko. Columbus pia nimempa nyekundu, kwa kuwa hakuna picha yake iliyothibitishwa kuchorwa akiwa hai, ingawa uso wake unachapwa kila mahali kana kwamba unajulikana. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamebishana nami kuhusu Timur, mtawala wa Asia ya Kati, na Lebna Dengel, na kwa Lebna Dengel nimekubali kumweka njano, kwa sababu njia ya picha yake kufika Como kupitia Wareno inawezekana kabisa, ila sura yenyewe ina mengi ya mkono wa Ulaya.

Wapiganaji niliowapanga wametosha ukuta wa kushoto wa maktaba. Sasa nimeanza ukuta wa kulia, wa wanazuoni wa kitabu cha 1577: Alberto Mkuu, Thoma wa Akwino, Dante, Petrarca, Boccaccio. Padre ameshaniambia kwa hawa hatanisaidia Kilatini tu, maelezo ya Thoma wa Akwino anataka kuyaandika mwenyewe, na ukurasa wake kwenye daftari nimemwachia.