Nilivyomeza Kamera Kuitafuta Damu Iliyokuwa Ikipotea

Kwa karibu mwaka mzima damu yangu ilikuwa ikipungua bila sababu kuonekana. Nilimeza vidonge vya madini ya chuma, hali ikatengemaa kwa wiki chache, kisha uchovu na kuhema kwenye ngazi vikarudi vilevile. Nilifanyiwa endoskopia, yaani uchunguzi wa mpira wenye kamera, kupitia mdomoni, nikafanyiwa na ya utumbo mpana, wala hakikuonekana kidonda popote. Ndipo daktari aliponieleza kwamba katikati ya sehemu hizo mbili upo utumbo mwembamba wenye urefu wa takriban mita 6, ambao sehemu yake kubwa haifikiwi na mipira ya kawaida ya uchunguzi.

Alipotaja kapsuli yenye kamera, nilidhani nimeshapata tiba, kwa kuwa nilikuwa nimesoma habari za roboti ndogo zinazopasua tumbo kwa ndani. Alinisahihisha kwa upole. Kapsuli ya aina hiyo, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, ni jicho tupu: haina mkono wala sindano, na haijiendeshi, bali husukumwa na misuli ya utumbo kama kinavyosukumwa chakula. Roboti niliyoisoma ilitengenezwa na watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mwaka 2016; ilikunjwa ndani ya barafu, ikaongozwa kwa sumaku kutoka nje, ikaonyesha kwamba inaweza kuiondoa betri ndogo iliyomezwa, lakini yote hayo yalifanyika katika tumbo la bandia. Nilivunjika moyo, sikatai, ingawa ilikuwa afadhali niyasikie hayo mapema kuliko kuamka siku ya pili nikisubiri kupona.

Kabla ya kunipangia siku alinihoji sana: kama nimewahi kupasuliwa tumbo, kama natumia dawa za maumivu mara kwa mara, kama napata msokoto baada ya kula. Sababu ni kwamba utumbo uliobana mahali unaweza kuinasa kapsuli, na iliyonasa huenda ikalazimu upasuaji ule ule mtu aliotaka kuuepuka. Vidonge vya madini ya chuma niliviacha siku kadhaa kabla, kwa sababu huutia utumbo weusi unaoficha picha. Jioni ya mwisho nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo, na juu ya usiku huo sina la kuongeza.

Kilichonitisha zaidi ni kumeza. Kapsuli ina urefu wa milimita 26 hivi na upana wa milimita 11, nami ni mtu ambaye hata kidonge cha kawaida hunikwama kooni. Wiki nzima nilijizoeza kwa vidonge vya vitamini, nikagundua kwamba kosa langu lilikuwa kukaa na kidonge mdomoni nikikifikiria. Siku yenyewe nilijaza maji mdomoni kwanza, nikaitia kapsuli, nikameza mara moja. Ilipita kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Nilivalishwa mkanda wenye kifaa cha kupokea picha, nikaruhusiwa kutembea, kunywa maji baada ya saa 2 na kula kidogo baada ya saa 4. Kila nilipohisi maumivu au kichefuchefu niliandika saa yake kwenye daftari. Baada ya saa 8 nilirudisha mkanda, nikaonywa nisikaribie mashine ya MRI, ile inayopiga picha za mwili kwa sumaku kali, mpaka kapsuli itoke. Ilitoka asubuhi ya pili, taa zake zimekwisha kuzimika.

Katika maelfu ya picha zilizopigwa, daktari alinionyesha chache tu: vishipa viwili vya damu vilivyotanuka karibu na mwanzo wa utumbo mwembamba, kimojawapo kikivuja taratibu. Kwa kulinganisha picha hizo na muda uliopita tangu kapsuli itoke kwenye mfuko wa chakula na kuingia utumbo mwembamba, aliweza kukadiria umbali wake na kuamua aingilie mdomoni. Wiki mbili baadaye nililazwa usingizi, akapitisha mpira mrefu wenye maputo, ambayo huvutavuta utumbo na kuukunja juu ya mpira kama mkono wa shati, akavifikia vishipa hivyo na kuviunguza. Kazi ambayo nilidhani ingefanywa na roboti ilifanywa na mkono wa mtu aliyejua pa kwenda.

Miezi minne baadaye kiwango cha damu (himoglobini) kilikuwa kimepanda kutoka gramu 8.1 hadi 12.6 kwa desilita, na vidonge vya madini ya chuma nimeambiwa niviache.