Dawa ya sukari na B12 ya wazee wetu
Kama uko na shosho anameza metformin miaka mingi, tafadhali omba daktari ampime vitamini B12, juu hiyo dawa inafanya mwili ushindwe kuichukua vizuri kutoka kwa chakula, na akiongeza omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kila siku ndio balaa, sababu hiyo asidi ndio hutoa B12 kwa nyama na mayai. Mamangu miguu ilikuwa inakufa ganzi, slipa inamtoka hapo kwa stage na hata hasikii, watu wanasema ni sukari tu. Kumbe B12 iko chini kabisa! Sasa anadungwa sindano. Na ugali sukuma pekee haitasaidia, mboga haina B12. Lakini msimwachishe dawa wenyewe jamani, bebeni pakiti zote mwende nazo kliniki.