Moja, tatu, nne, mbili

Kiharusi kilimpata Baba mwanzoni mwa mwaka 2011. Kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo kikaondoka na mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno. Mguu ulianza kurudi taratibu. Mkono ulibaki mzito. Ila maneno ndiyo yaliyotuumiza wote pale nyumbani, Kihonda, Morogoro, kwa sababu Baba alikuwa mtu wa hadithi. Ameendesha malori tangu ujana wake, mara Tunduma, mara Mwanza, na kila mlima wa barabara hizo alikuwa na kisa chake. Sasa akitaka maji alisema "hii hii". Akitaka kutoka nje, "hii hii". Tusipomwelewa alilirudia kwa sauti ya juu, halafu anageukia ukutani, na hapo hata chakula hagusi.

Tulikuwa tukimpeleka mazoezi ya viungo hospitalini, mjini. Daladala hakuweza kupanda, na bajaji ilimrusharusha hadi akatokwa machozi. Kilichobaki ni gari lake mwenyewe, Toyota Corolla 110 aliyoinunua alipostaafu, yenye injini ya 5A ya cc 1,498. Mimi ndiye niliyekuwa naliendesha. Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani nasubiri ajira, na udereva nilifundishwa na yeye.

Basi gari nalo likaanza kumisi. Kwanza lilitetemeka likiwa silensa tu, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta; ukikanyaga mafuta linakaa sawa. Baadaye hata njiani likawa linakata nguvu. Kilima kidogo tu linashika pumzi. Ukisimama nyuma yake unasikia bomba la moshi linatoa mlio wa kuchechemea, na harufu ya petroli mbichi ambayo haikuungua. Mafuta ya kumpeleka mjini na kumrudisha yakawa hayatoshi tena.

Fundi mmoja wa mtaani alikuja, akawasha, akasikiliza, akazima. Akasema injini imekufa, tutafute nyingine ya mtumba. Bei aliyoitaja ilimfanya Mama akae chini. Baba Mdogo naye, kwa nia njema kabisa naamini, akasema gari liuzwe kabla halijawa chuma chakavu, pesa zimhudumie mgonjwa. Haya yote yalisemwa sebuleni, Baba akiwa kwenye kiti chake, katikati yetu. Hakuna aliyemgeukia. Tulimjadili kama tunavyojadili mali ya marehemu, na mtu mwenyewe yupo, anasikia kila neno. Nilipomtazama usoni nikaona haya. Mtu aliyezisikiliza injini kwa zaidi ya miaka 30 hakuulizwa injini yake inaumwa nini.

Jioni ile, wageni walipokwisha kuondoka, alichukua fimbo akatoka mwenyewe hadi uani. Akagonga boneti. Nikafungua, akaniashiria niwashe. Aliinama akasikiliza muda mrefu, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa gari. Kisha akavua ndala moja, akanipa, akaonyesha waya za plagi, zile zinazorusha cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Nilielewa. Nimewahi kumwona akifanya hivyo nikiwa mtoto: injini inanguruma, unashika mpira wa waya kwa ndala kavu, unauchomoa kidogo na kuurudisha haraka. Nisingemshauri mtu ajaribu bila kuelekezwa na anayejua, kwa sababu umeme unaopita pale unazidi volti 10,000. Kila waya una silinda yake, chumba ambamo petroli inachomwa. Ukichomoa waya wa silinda inayofanya kazi, injini inazidi kutetemeka, inataka kuzima. Ukichomoa ya silinda iliyolala, haibadiliki kitu.

Wa kwanza, injini ikayumba. Wa pili, vilevile. Wa tatu, hakuna kitu. Nikaurudisha, nikauchomoa tena. Hakuna kitu. Nilipoinua macho, Baba alikuwa tayari ameinua vidole vitatu.

Nilitaka kufungua hapohapo. Akakataa. Aligusa injini kwa ncha ya kidole, akakiondoa upesi, akaonyesha juu, jua linapotokea asubuhi. Sababu naijua leo: kichwa cha injini ile ni aluminiamu, na plagi ni chuma. Ukilazimisha kuzifungua kukiwa na moto, nyuzi za aluminiamu, ile mistari ya skrubu inayoshika plagi, zinaweza kutoka nayo, na hapo ndipo unapomhitaji fundi kweli, tena wa mashine.

Asubuhi Mama alimtengea kiti chini ya mwembe, karibu kabisa na taa ya mbele. Nikatoa sanduku lake la spana. Plagi mpya nne na seti ya waya nilikuwa nimezifuata mjini mapema. Baba alizipokea moja moja, akazigeuza kwenye mwanga. Alitazama maandishi kwenye kauri kama yamekaa sawa, akazungusha washa, kile kipete cha chuma kwenye nyuzi, kwa kidole gumba, akanusa hata boksi. Plagi za bandia zimejaa madukani, na kwake hilo halikuwa jambo la kubahatisha. Alipotikisa kichwa kukubali, nilishusha pumzi.

Kabla ya kugusa chochote niliuliza, nikijisemea zaidi kuliko kumwuliza: "Baba, hizi waya nikizichanganya itakuwaje? Zinakwendaje kwenye distributa?" Distributa ndiyo inayoigawia kila plagi umeme wake.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka kidole kwenye waya wa kwanza.

"Moja," akasema.

Nikaganda na spana mkononi. Kidole kikahama.

"Tatu. Nne. Mbili."

Wazi kabisa, kwa sauti yake ileile ya zamani, nzito, ya mtu anayetoa maelekezo barabarani. Mama alitoka jikoni na mwiko. "Mzee, umesemaje?" Baba akamtazama, akajaribu kumjibu, ikatoka "hii hii". Akafunga macho kwa hasira. Nikamwomba arudi kwenye waya. Akaweka kidole tena: moja, tatu, nne, mbili.

Ndio mpangilio wa kuwaka wa injini ile. Silinda hazichomi mafuta kwa kufuatana zilivyopangwa. Inachoma ya kwanza, inaruka ya tatu, ya nne, halafu ya pili, ili krenkshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, isipokee vishindo upande mmoja. Kila dereva wa zamani ameukariri mpangilio huo kama alivyokariri sala. Baadaye mtaalamu wa mazoezi alitueleza kwamba hili huonekana kwa wagonjwa wengi waliopoteza usemi kwa kiharusi: mtu hawezi kuomba maji, lakini anaweza kuhesabu, kutaja siku za wiki, kusali, hata kuimba. Mambo yaliyozoeleka mdomoni hadi yakawa hayahitaji kutafutwa. Asubuhi ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba Baba yumo mle ndani, mzima, na kazi yake anayo.

Nilichukua plasta kwenye mfuko wa dawa zake, nikakata vipande, nikaandika namba na kubandika kila waya. Tukaanza.

Kazi yenyewe haihitaji nguvu, inahitaji adabu. Plagi za injini ile zimezama ndani ya mashimo marefu katikati ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, na mashimo hayo hukusanya vumbi, na Kihonda ina vumbi jekundu la kutosha. Ukifungua plagi bila kusafisha, mchanga unadondoka juu ya pistoni. Baba aliniashiria pampu ya baiskeli ya mtoto wa jirani. Nikapuliza kila shimo hadi vumbi likaisha. Mpira wa waya unaushika penyewe, unauzungusha kidogo ndipo unauvuta. Ukivuta waya, unakatika ndani na kwa nje huoni. Na unafungua silinda moja, unaimaliza, ndipo unakwenda nyingine.

Plagi ya kwanza ilitoka na rangi ya kahawa ya maziwa kwenye ncha. Baba akaridhika: hiyo ni silinda inayokula vizuri. Ya pili hivyohivyo, ila ncha imelika na mwanya wa kurukia cheche umepanuka. Nilipochomoa mpira wa tatu, ulitoka unachuruzika oili.

Nilidhani ndio mwisho, kwamba yule fundi alisema kweli. Oili ikishaingia silinda, pete za pistoni zimekwisha. Baba akanyoosha mkono, anaitaka. Nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikanyonya oili yote shimoni, nikaifungua plagi, nikampa. Akaiweka kwenye paja, akaifuta kauri kwa shati lake, Mama akiguna. Kisha akanionyesha ncha. Ilikuwa nyeusi, yenye masizi makavu na harufu ya petroli. Haikuwa na oili hata tone. Oili ilikuwa nje tu, juu, kwenye kauri.

Halafu akapitisha ukucha kwenye kauri, pole pole, kutoka juu hadi kwenye chuma. Palikuwa na mstari mwembamba mweusi kama unywele. Nikauchukua ule mpira wa waya nikaupinda: umelainika kwa oili, na una ufa palepale.

Kila kitu kikajipanga. Sili ya shimo la plagi, yaani mpira wa kuzuia oili, imechoka, oili ya juu inavuja na kujaa shimoni. Oili imeuharibu mpira, na umeme, ambao siku zote hupita pale palipo rahisi, ukawa unashuka kwenye ule ufa na kando ya kauri hadi kwenye chuma cha injini, badala ya kwenda kurusha cheche kwenye ncha. Silinda inamiminiwa petroli, haichomi, petroli inatoka mbichi kwa nyuma. Pistoni zilikuwa nzima. Injini ilikuwa nzima. Kilichougua ni njia ya kufikia pale.

Nilimtazama Baba na yeye akanitazama, na sitaki kueleza zaidi nilichofikiri wakati huo.

Plagi mpya nilizipima mwanya kwa fila geji yake, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ukaja milimita 0.8. Kuzifunga kulikuwa na siri yake. Baba alitafuta sandukuni hadi akapata kipande cha mpira wa petroli, kirefu kama mkono. Kichwa cha plagi unakisokomeza mle, unaishusha shimoni, unaizungusha kwa vidole ukiwa umeshika mpira. Ikiingia kwenye nyuzi sawasawa, inakwenda yenyewe hadi chini. Ikiingia kombo, mpira unateleza, plagi inagoma, na nyuzi zinasalimika. Spana huikaribishi hadi vidole vimeshindwa. Hapo unakaza nusu mzunguko, unaisikia washa mpya ikibonyea, unaacha. Nilipotaka kuongeza kidogo, fimbo ilinigonga mguuni.

"Basi," akasema.

Hilo nalo lilitoka sawa. Mama alicheka kwa sauti. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu Januari.

Tukabandua plasta moja moja kadiri waya mpya zilivyokaa. Baba alizipitia zote kwa kidole, kuanzia kwenye distributa, akihesabu kwa mpangilio wake. Nikaingia, nikawasha. Stata ilizunguka kidogo tu, injini ikashika, ikashuka kwenye silensa na kutulia pale. Glasi ya maji ya Baba tuliyokuwa tumeiegesha juu ya betri ya zamani kando ya gari haikutikisika. Kwa mwendo wa kawaida, mizunguko 3,000 kwa dakika, kila plagi inarusha cheche mara 25 kwa sekunde. Nilikanyaga mafuta hadi hapo nikaliacha linguruma, na halikuruka hata pigo moja.

Baba Mdogo alipokuja mchana na mtu wa kuliona gari, Baba alikwishakaa kiti cha mbele, mkanda amefunga. Aliwaonyesha viti vya nyuma. Nikawapeleka wote hadi Bigwa na kuwarudisha, na hakuna aliyetaja kuuza tena.

Sili za mashimo ya plagi na gasketi ya tapeti kava tulinunua mwisho wa mwezi, pesa zilipopatikana, na hizo pia tulifunga wenyewe chini ya mwembe.

Siku ya mazoezi nilimsimulia yule mtaalamu habari ya moja, tatu, nne, mbili. Alinisikiliza, akaniambia safari ijayo nije na spana. Nikaja nazo zimefungwa kwenye kanga ya Mama. Alizipanga mezani, akamwomba Baba amchagulie moja na kuitaja. Baba akainyanyua ya kwanza kwa mkono wa kushoto. "Kumi." Akaiweka pembeni, akachukua nyingine. "Kumi na mbili." Halafu, "kumi na nne." Ya kumi na saba aliinyanyua kwa mkono wa kulia, ikamponyoka, akaiokota tena kwa mkono uleule. Spana moja tu ilibaki mezani, namba 13. Mtaalamu akaisogeza mbele yake, akimhimiza. Baba akairudisha alikoitoa. Akaisogeza tena, na Baba akairudisha tena, kwa nguvu zaidi. Ikabidi nieleze kwamba hajashindwa kuisoma. Ni kwamba kwenye Toyota yake hakuna nati ya kumi na tatu.