Kashata za protini, na moto usioonekana kwenye video

Isevya, Tabora. Jumamosi ya Juni.

Nyumba nzima inanuka karanga. Kijana wangu yuko likizo, kidato cha tatu, mcheza mpira, na tangu arudi wimbo wake ni mmoja tu: protini. Anasema wenzake wenye uwezo wanakula vile vipande vya kwenye karatasi inayong'aa, vile vya kutoka nje, eti vinajenga misuli. Nikauliza bei. Kipande ambacho hata kiganja hakijazi kinataka pesa ya kilo nzima ya karanga, na chenji ya ufuta juu.

"Basi tutengeneze wenyewe, mama. Havihitaji hata kuokwa. Unachanganya tu, unaweka kwenye friji."

Akanionyesha video. Msichana yuko kwenye jiko jeupe pee, anamimina vitu kutoka kwenye mitungi ya kioo, anakoroga, anabana, anakata. Dakika mbili, hakuna moshi wala jasho. Nikaitazama mara ya pili nikiangalia mitungi peke yake, na hapo ndipo nilipoona anachokificha, labda bila mwenyewe kujua. Siagi ya karanga imeshakaangwa na kusagwa kiwandani. Oti zimepigwa mvuke kabla ya kubanwa zikawa bapa. Unga wa protini ni yale maji yanayobaki jibini ikishaganda, yakachujwa na kukaushwa. Yule binti haoki kwa sababu viwanda vitatu vimeshamuokea. Hapa Tabora kiwanda ni mimi na jiko la mkaa.

Sikumvunja moyo. Nilimwambia tutafanya, ila ataanza na ungo.

Karanga mpya zimejaa sokoni sasa hivi, na mpya zina raha yake na hatari yake. Raha ni utamu. Hatari ni kwamba wapo wanaoziondoa shambani na kuzifunga kwenye gunia hazijakauka sawasawa, na karanga yenye unyevu ndani ya gunia ni nyumba ya ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Ile ilitokana na mahindi, lakini karanga nazo ni mateka wake wa kila siku. Watu wengi wanaokuja dukani kwetu (nauza duka la dawa) wanaamini kwamba ukikaanga umemaliza kila kitu. Moto wa kikaango hauimalizi sumukuvu. Kinga yake ni macho: unatandaza karanga kwenye ungo mwanga ukiwa mzuri, unatoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zenye vumbi la kijani au jeusi. Na unazitupa. Hakuna kuwapa kuku, kwa sababu kuku nao wanaumia.

Kijana alikaa na ungo mapajani akalalamika kwamba kwenye video hakuna sehemu hii. Nikamwambia hata misuli ya mkono inaanzia hapo.

Soya nilikuwa nimeshaiandaa katikati ya wiki, kama tunavyofanya kwa uji wa lishe: nikaichemsha, nikaifikicha maganda, nikaianika, nikaikaanga hadi ikawa rangi ya kahawia, ndipo ikaenda mashineni. Hili nalisisitiza kwa sababu neno "kutookwa" linapotosha. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na joto ndilo linalokivunja. Ukichukua soya mbichi ukaisaga ukachanganya na asali, umekula protini ambayo mwili wako unashindwa kuifungua, na usiku tumbo litakusimulia. Unga wa ngano au wa mahindi mbichi nao hauingii kwenye kitu kisichopita motoni tena. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba kila kinachoingia kwenye sinia kiwe kimeshapikwa kabla.

Badala ya oti niliweka matobolwa. Mama mkwe alituletea mfuko kutoka Urambo, ya mwaka huu: viazi vitamu vimechemshwa kwanza, vikakatwa, vikaanikwa hadi vikawa vigumu kama kokoto. Oti zinapatikana hapa mjini kwenye makopo, lakini zimesafiri mbali na bei yake inasema hivyo. Matobolwa yameshapikwa, yana utamu wake, na ukiyatwanga nusunusu, usiyafanye unga kabisa, yanabaki na vipande vya kutafuna. Michembe ya viazi vitamu isingefaa, kwa sababu ile huanikwa mbichi.

Urambo, kwa njia, ndiko Waingereza walikokuja na matrekta mwaka 1947 kulima karanga kwa ajili ya mafuta, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na pauni milioni nyingi zimezama. Mama mkwe analima karanga zake kwa jembe la mkono na kila mwaka anapata za kutuletea. Sisemi zaidi.

Kutwanga ndiyo sehemu niliyoipenda. Blenda ninayo, lakini ya kwangu ikikutana na karanga kavu inapata joto na kunuka waya, kwa hiyo tulitoa kinu. Karanga zilizokaangwa na kutolewa maganda mwanzo zinaruka na kukimbia mchi. Baada ya muda zinakuwa kama chenga za mkate, mtu asiyejua anadhani zimekwisha. Unaendelea. Chenga zinaanza kushikana, zinapanda ukutani mwa kinu, inabidi uzikwangue kwa kijiko uzirudishe chini. Halafu ghafla zinabadilika rangi, zinaiva, zinang'aa; mafuta yametoka, na mchi ukiuinua unasikia unavutwa. Hapo usiongeze kitu, wala mafuta ya kupikia, wala maji. Maji hasa ni mwiko, ukiweka hata tone rojo linakakamaa, na siku mbili baadaye linachacha. Kijana alishika mchi hadi fulana ikalowa. Sikumkumbusha lile la dakika mbili, ingawa lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Sasa asali. Kuishi Tabora kuna shida nyingi, lakini si ya asali. Nilichukua ya nyuki wakubwa, ya Sikonge, nzito ya rangi ya chai ya rangi. Jirani yangu alishangaa kwa nini sikutumia ya nyuki wadogo ambayo ndiyo "yenye dawa". Kwanza ni ghali. Pili ina maji mengi na uchachu, na kwa kazi hii unataka asali inayonata. Ndiyo gundi pekee iliyopo humu. Nimeipasha kwa moto mdogo pamoja na karanga mpaka vikalegea na kuchanganyika, bila kuchemka, nikaipua. Maziwa ya unga yaliingia mwisho, joto likiwa limeshuka, kwa sababu kwenye moto yanafanya mabonge ambayo hakuna mwiko utakaoyavunja.

Na kabla sijasahau, kwa wanaoniuliza dukani jinsi ya kujua asali halisi: kuchovya njiti ya kiberiti na kudondosha kwenye glasi ya maji hakuthibitishi kitu. Nunua kwa mtu unayemjua.

Vipimo vyangu vya leo, kwa mizani: karanga gramu 250, unga wa soya 100, matobolwa 150, ufuta uliokaangwa 50, maziwa ya unga 50, asali 150, na chumvi kidogo ya kuamsha ladha. Mchanganyiko unakuwa mgumu, mwiko unasimama wenyewe. Unaumwaga kwenye sinia lililotandikwa karatasi, unaukandamiza kwa kitako cha glasi kwa nguvu zote, unene wa kidole. Usipokandamiza vizuri, ukikata unapata makombo. Friji yetu ilikuwa imezimika na umeme wake, lakini usiku wa Juni hapa una ubaridi wa kutosha. Tulifunika sinia tukaliacha juu ya meza, asubuhi tukakata kwa kisu kilichopakwa mafuta. Mwezi Oktoba nisingethubutu. Kwa joto lile mafuta ya karanga yangeelea juu.

Vilitoka vipande 16, na hapo nikachukua daftari, maana kijana alikuwa ameshaanza kula cha tatu.

Gramu 100 za karanga zina protini kama gramu 25. Soya ni kama 36, ufuta kama 18, maziwa ya unga kama 26. Matobolwa yana kidogo sana, asali karibu hamna. Ukijumlisha sinia zima unapata kama gramu 128, na ukigawanya kwa 16 ni gramu 8 kila kipande. Yai moja lina kama 6. Kwa hiyo kipande kinalishinda yai, na kijana alifurahi sana kwenye mstari huo. Lakini daftari lilikuwa na mstari wa pili: yai lina kalori kama 70, kipande chetu kina kama 210. Mstari wa tatu ulikuwa sukari. Asali peke yake inaingiza karibu gramu 8 za sukari kwenye kila kipande, ni kama vijiko viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na asali inahesabiwa humo humo pamoja na ile ya dukani.

"Lakini asali ni ya asili, mama."

Ni ya asili, na sukari iliyomo ni sukari. Sentensi hiyo naisikia kila wiki kutoka kwa wagonjwa wa kisukari waliokatazwa sukari wakahamia kwenye asali kwa amani kabisa ya moyo, kisha wanashangaa vipimo haviteremki. Nawaeleza kwa upole, wengine wananiona nina roho mbaya. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali kabisa, hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wake hauwezi kuzizuia.

Kwa hiyo kwangu mimi hiki ni chakula cha njiani na cha baada ya mazoezi. Ukisafiri na treni ya Kigoma, kufika Kaliua umeshaona njaa, kipande kimoja na maji vinakufikisha mbali bila kununua andazi la mafuta ya jana. Ukikaa kwenye kochi ukala vinne ukiangalia tamthilia, umekula kalori za mlo mzima na bado utaandaliwa ugali. Mtu wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 48 kwa siku, anayefanya mazoezi makali zaidi ya hapo, na sehemu kubwa ya hizo inapatikana kwenye sahani ambayo kijana wangu huiacha nusu: kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Lakini maharage hayafungwi kwenye karatasi inayong'aa.

Kitu kimoja naisifu sinia yetu kuliko vya dukani. Protini imejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Ya karanga peke yake ina upungufu wa kimojawapo, laisini, na soya inayo ya kutosha. Soya nayo ina uhaba wa kingine, methionini, ambayo ufuta unayo. Maziwa yanaziba yaliyobaki.

Jioni nilimpelekea kipande jirani yangu, mama wa makamo anayeuza kashata za karanga karibu na stendi. Nilimsalimu, "Mwangaluka mama," salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa linazama, ndivyo tunavyotaniana. Akakigeuza, akakinusa, akauma kona, akatafuna akiangalia pembeni kama fundi anayekagua ukuta wa mwenzake.

"Hii ni kashata, mwanangu. Umeinyima sukari tu."

Sikuwa na la kubisha. Kashata yake yeye anaipika kwa shira: sukari inachemshwa mpaka ivute, karanga zinatupwa ndani, inamwagwa na kukatwa ingali moto. Inakauka kwelikweli, inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko bila kulegea. Yangu inabaki laini kwa sababu asali haigandi hivyo, na pia inavuta unyevu wa hewa. Mvua zikianza Novemba itanata kwenye karatasi. Kwenye chombo kilichofungwa, kwa hali ya hewa ya sasa, naipa wiki moja mezani, na zaidi kidogo kwenye friji umeme ukikubali. Harufu ya karanga ikianza kuwa kama ya rangi ya mafuta, mafuta yameharibika, unatupa.

Anataka tuziuze. Ana wateja madereva wa bodaboda na vijana wa kiwanja cha mazoezi, anasema tukiandika "protini" kwenye mfuko bei inapanda mara mbili. Ninachokiogopa ni neno hilo hilo. Nikimwambia mteja ni protini lazima nimwambie pia ni kalori 210 na vijiko viwili vya sukari, na mfuko wa kashata hauna nafasi ya maandishi yote hayo. Yeye anaona nawaza sana. Tena anataka kuitoa soya, anasema inaacha ladha ya maharage kwenye koo, na hapo ana haki kidogo. Nimefikiria kuipunguza iwe gramu 70 na kuongeza mbegu za maboga zilizokaangwa, ambazo zina protini kama 30 kwa kila gramu 100, ila kuzimenya ni kazi ya siku nzima.

Hatujakubaliana. Jumamosi ijayo anakuja na jiko lake na sukari yake, nami na asali yangu, tutumie karanga za gunia moja. Kijana ameshajitolea kuwa mwonjaji, na nimeshamwambia kuchambua ni kwake tena.